Maembe kwenye Kiti cha Nyuma

Gari lenyewe si la mtu wa umri wangu. Hilo nalikubali kabla hujaniambia, maana nimeshaambiwa na kanisa zima. Ni gari la Kijapani la mbio, la milango minne, lenye tundu la kuvuta hewa juu ya boneti na bawa kule nyuma ambalo mgeni anaweza kudhani ni la kukaushia vyombo. Mwanangu wa kwanza alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalipenda kuliko alivyopenda chakula, kisha kazi ikampeleka ng'ambo. Aliniachia ufunguo akasema, "Baba, uwe unaliwasha tu, lisikae." Nikawa naliwasha. Baadaye nikawa naliwasha na kulitoa mpaka langoni. Kilichofuata unaweza kukisia.

Kwetu, bondeni chini ya Tawa, mzee wa kanisa hutarajiwa kufika ibadani kwa miguu, au akikosa nguvu, kwa pikapu yenye magunia. Mimi nilifika kwa mngurumo. Kina mama wa kwaya walisema hawahitaji kengele tena. Mchungaji wetu, mtu mpole sana, aliwahi kuniuliza kwa faragha kama ekzosi ile imetoboka au ndivyo ilivyotengenezwa. Nilimwambia ndivyo ilivyotengenezwa. Alitikisa kichwa taratibu, akaniombea afya.

Mke wangu alilivumilia gari hilo kama anavyonivumilia mimi, yaani kwa maneno mengi na upendo mwingi. Uvumilivu huo uliisha siku tuliyotoka mazishini kule juu milimani. Kutoka huko mpaka nyumbani ni kushuka tu, kona juu ya kona, mpaka unapita soko la Tawa na kuingia mteremko wetu wenyewe, ambao ndio mkali kuliko yote. Injini ya gari lile ina nguvu za farasi wa vita, lakini breki zilikuwa zile zile lilizozaliwa nazo. Tulipofika mteremko wetu nikasikia harufu ya kitu kuungua. Nikakanyaga pedo ya breki, ikazama laini kama mguu kwenye tope. Nikakanyaga tena, ikafika chini kabisa. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaliitia jina la Bwana kwa sauti, na gari likaacha barabara likapanda tuta la shamba la jirani. Lilisimama pua yake ikiwa katikati ya maharagwe.

Hatukuumia hata ukucha, na mpaka leo nashukuru. Mke wangu alifungua mlango, akachukua mkoba wake, akaufunga mlango polepole mno. Angeubamiza ningepata amani kidogo.

"Mzee," akasema, "mimi Bwana akiniita nitaenda. Lakini wewe usiwe unanisindikiza."

Akatembea mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alipotaka kwenda sokoni alipanda bodaboda, mbele ya macho yangu, na gari likiwa pale uani limeoshwa.

Jambo hilo lingeweza kubaki utani wa nyumbani kama si mama yake. Mama mkwe wangu aliishi Ikutha, upande wa Kitui, peke yake na mbuzi zake. Alikuwa amevunjika nyonga, hospitali ikamtibu, lakini mfupa ulikuwa umeungana kwa namna yake. Bodaboda hawezi. Ngazi za basi hawezi. Mke wangu alikuwa amemsihi kwa muda mrefu aje akae nasi, na yeye akikataa kila mara, mpaka siku moja akapiga simu mwenyewe akasema haya, atakuja kuona. Alisema hivyo hivyo: kuona. Na akaweka masharti. Kwanza, mkwewe mwenyewe ndiye aje amchukue, kwa sababu mwanamke mzee akitolewa bomani kwake na dereva wa kukodiwa, majirani watasema ametupwa. Pili, nyonga ikimuuma njiani atarudishwa kwake, na neno hilo la kuhama lisitajwe tena na mtu yeyote.

Mke wangu alilia kwa furaha huko jikoni. Kisha akajifuta macho kwa leso, akatoka nje, akaliangalia gari.

"Nitakodi gari lingine, niliendeshe mimi mwenyewe," nikasema.

"Gari la watu hulijui. Na hili unalolijua lilinipeleka kwa maharagwe ya watu."

"Basi nilitengeneze."

"Litengeneze. Lakini mpaka mimi niseme ndiyo, mama yangu haingii humo."

Ndivyo nilivyojikuta mji wa Salama, kwenye barabara kuu, kwa mwenye duka la spea ambaye vijana wote wenye magari ya mngurumo humtaja kwa heshima. Ni Mwislamu, watu wake walitoka kaskazini mashariki na ng'ombe kabla ya kuhamia biashara, na ana umri wangu, ndevu zake zikiwa nyekundu kwa hina. Hana unyenyekevu hata kidogo. Alilizunguka gari langu mara moja, akasema, "Mzee, hii gari ni simba. Lakini simba umemvalisha ndala."

Akanieleza shida. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani na yamekunywa maji, yakachemka mle ndani, ndiyo maana pedo ilizama. Diski zilikuwa ndogo na nyembamba, hazina mahali pa kuweka joto. Mipira ya kupitisha mafuta ilikuwa imevimba. Shokomzoba zilikuwa zimekufa kitambo, na bushi zake za mpira zimekatika. Alikuwa nazo diski pana na kalipa kubwa, zile taya zinazoibana diski, zilizotolewa kwenye gari la aina ile ile, la miaka ya baadaye. Zilikuwa nzuri kweli. Nilizishika mikononi nikahisi uzito wake, na Mungu anisamehe, nilihisi furaha ambayo sikuitarajia kwa mtu mwenye wajukuu.

Adhana ya adhuhuri ilipolia alifunga mlango wa duka nusu, akaenda kuswali. Nilikaa juu ya tairi nikamngoja. Aliporudi nikamwomba naye aningoje, nikaweka mkono juu ya boneti nikaiombea kazi iliyo mbele yetu, nikamwombea na mama wa Ikutha, na nyonga yake, na mafundi, na barabara. Alisema "Amin" pamoja nami, kisha akasema, "Mzee, hayo maombi yako ni marefu kushinda garantii yangu."

Kazi ikaanza. Kalipa zikafungwa, mipira mipya iliyosukwa kwa waya ikafungwa, mafuta yakabadilishwa na upepo ukatolewa mpaka pedo ikawa ngumu kama ngazi ya jiwe. Ndipo fundi wake akarudisha gurudumu la mbele. Likagoma. Likasukumwa, likasema *ko!* likakaa upande. Kalipa ile kubwa ilikuwa haitoshi ndani ya rimu yangu.

Mwenye duka aliinama akaliangalia gurudumu kwa muda, kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyejibu vibaya swali rahisi.

"Hii rimu ni ndogo," akasema hatimaye.

"Ilikuwa ndogo hata asubuhi," nikasema.

"Asubuhi nilikuwa naangalia breki."

Alicheka mwenyewe kabla sijacheka, na hilo likanifanya nimpende. Akatafuta rimu kubwa, na rimu kubwa zikataka tairi nyembamba. Kisha akafunga shokomzoba na springi fupi, ngumu, alizosema ni za gari kama hilo haswa. Gari likashuka chini kama kuku anayetaka kulalia mayai. Lilipendeza mno.

Kabla sijaondoka alinishika bega. Padi mpya, yale mabamba yanayoisugua diski, na diski zile, akasema, lazima zioane. "Ukiwa barabarani, shika mwendo mzuri, halafu kanyaga breki kwa nguvu mpaka gari iwe inatambaa. Lakini usisimame. Achilia, shika mwendo tena, kanyaga tena. Rudia mpaka usikie harufu. Ukisikia harufu, endesha tu polepole bila kugusa breki, zipoe na upepo. Usisimame, mzee. Ukisimama na mguu uko kwa pedo na diski ni moto, padi itaacha alama pale kama pasi kwa shati."

"Nimeelewa," nikasema. Nami nilikuwa nimeelewa. Nimefundisha darasa la ubatizo muda mrefu, najua maagizo yanavyopokelewa.

Nilitoka barabara kuu nikaingia zile za ndani za kuelekea kwetu, ambako magari ni machache. Nikashika mwendo, nikakanyaga. Gari liliinamisha kichwa kama mtu anayesali, likatii. Nikaachilia, nikarudia, nikarudia tena. Harufu ikaja. Na pamoja na harufu, pale kwenye kona, akaja mama mmoja wa ushirika wetu na kuni mgongoni.

Sasa, mtu wa mji anaweza kuona hilo si tatizo. Kwetu, salamu ya kutoka kwenye gari linalotembea si salamu, ni kampeni. Wanasiasa ndio hupunga mkono wakipita. Nilisimama. Niliuliza habari za mgonjwa wake, na za mvua, na za mjukuu aliyeingia shule. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedo, kwa kuwa pale pana mteremko. Mbele kidogo nikamkuta mzee mwenzangu akichunga mbuzi, nikasimama. Kisha nikawakuta wawili wa darasani kwangu. Nikafika nyumbani mwenye amani na watu wote.

Mke wangu hakuingia garini. Alileta kreti ya maembe yaliyoiva, akaifunga na mkanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria, akaniambia niende mpaka mji wa Wote na kurudi, mwendo wangu wa kawaida.

Niliporudi nikayaangalia maembe. Yote mazima, yanang'aa. "Unaona?" nikasema.

"Sioni kitu. Embe haisemi siku hiyo hiyo."

Hapo alinishinda, kwa sababu hapa Makueni sote tunauza maembe, na hata mtoto anajua. Embe likigongwa leo litakutazama usoni kama lisilo na shida. Doa jeusi huja baadaye, likishafika kwa mnunuzi. Aliyaweka maembe yale juu ya meza sebuleni na hakuyagusa. Tulikula tukiyatazama, tukasali tukiyatazama. Yalipokuja kusema, yalisema yote kwa pamoja. Upande wa chini yalikuwa meusi kama yamepigwa kwa fimbo.

"Hii ndiyo nyonga ya mama yangu," akasema, akinionyesha moja. Kisha akalikata, akatoa sehemu nzuri, akanipa nile. Ni mtu wa huruma.

Na halikuwa hilo tu. Kila nilipokanyaga breki usukani ulitetemeka mikononi kama mtu mwenye malaria. Nikarudi Salama.

Mwenye duka aliliendesha hadi kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Alishuka, akaninyoshea kidole.

"Ulisimama."

"Sikusimama."

"Mzee wa kanisa!"

"Nilisalimia tu."

"Ulisalimia ukienda ama ukiwa umesimama?"

"Utamsalimia mtu vipi ukiwa unaenda?"

Alikaa chini juu ya tairi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na machozi yakamtoka akicheka. "Wallahi nitaandika kwa huu mlango: hizi breki haziuzwi kwa watu wenye heshima."

Alizitoa diski, akazisugua kwa msasa mpaka zile alama zikafutika. Nikamweleza habari za maembe na nyonga. Alisikitika, lakini zaidi alizisikitikia springi zake. Hakuwa amewahi kuombwa na mtu yeyote alifanye gari la aina ile kuwa laini.

"Mzee, wewe unataka gari ama unataka kitanda?"

"Nataka kitanda chenye breki."

Akapumua kwa huzuni, akaingia ndani, akatoka na springi ndefu kidogo na shokomzoba zenye kitufe cha kuzungusha pale juu: ukizungusha huku zinakaza, huku zinalegea. Alizilegeza akiwa amegeuza uso pembeni. Akabadilisha na tairi pia, akaweka zenye mbavu nene zaidi. Gari likainuka likawa na heshima ya kadiri.

Safari hii hakuniamini peke yangu. Alimwachia fundi duka, akaketi kando yangu, akafunga mkanda. Tukaanza tena: mwendo, kanyaga, achilia. Lilikwenda vizuri kama wimbo. Tulipokaribia kwetu, harufu ikiwa imeshaanza, mbele yetu akatokea mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, mwenyewe, na mwavuli wake.

"Usisimame," mwenye duka akasema.

"Ameniona."

"Mungu pia anakuona. Endelea."

Shida ni kwamba ilikuwa zamu ya kukanyaga. Kwa hiyo nilikanyaga. Gari likapunguza mwendo kwa nguvu, likatambaa mpaka karibu naye kabisa, yule mama akatabasamu na kushusha mwavuli akijua amepata lifti, na hapo hapo nikaachilia, nikaongeza mafuta, nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona bado ameshika mwavuli alioushusha.

Ikawa hivyo hivyo kwa mzee wa mbuzi. Ikawa hivyo kwa shemasi. Kila mtu niliyemheshimu barabara ile alinikuta kwenye zamu ya kukanyaga. Mwenzangu alikuwa ameinama, ameshika tumbo, hawezi kusema kwa kicheko.

Jumapili kanisa lilikuwa baridi. Watu walinipa mikono, lakini mikono ya vidole tu. Baada ya ibada mwenyekiti wa kina mama alinikabili pale nje, mbele ya watu.

"Mzee, tulikukosea wapi? Mtu anapunguza mwendo, anakuangalia vizuri, anaona ni wewe, halafu anakimbia?"

Nilijaribu kueleza. Nilieleza padi, nikaeleza diski, nikaeleza joto na upepo. Walinisikiliza kwa subira kama wanavyosikiliza mahubiri yangu. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo sisi tulipitwa ndiyo chuma ipoe?"

"Ndiyo."

"Na huyo mtu wa ndevu nyekundu alikuwa anacheka nini?"

Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, alitazama mawingu. Ilibidi niwazungukie wote majumbani, kwa miguu, ninywe chai kila mlango, nisalimie ile salamu niliyokuwa nimeipita. Nasema kweli, zilikuwa siku njema. Nilisikia habari nyingi ambazo ningeendesha nikazipita.

Wakati huo kreti ya pili ilikuwa imekwenda Wote na kurudi, nayo iko mezani. Siku ilipofika mke wangu aliyachukua maembe moja moja, akayageuza, akayabonyeza kwa kidole gumba, akayanusa. Hakuona doa. Alirudia tena kuyageuza, nadhani kwa matumaini ya kupata kitu cha kuniambia.

"Haya," akasema. "Twende tumlete."

Tuliondoka asubuhi na mapema baada ya kuomba. Yeye alikaa nyuma. Alisema anataka kujua mama yake atakaa vipi pale, lakini mimi nilimjua: kiti cha mbele alikuwa bado hajakisamehe. Tulipita Wote, tukatokea barabara kuu, tukaingia Kibwezi, tukavuka mto Athi, nami nikaendesha kama niliyebeba sinia la chai.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu Wakamba mtu na mama mkwe wake wana nthoni. Ni heshima yenye umbali. Humpi mkono, hukai naye karibu, humtazami usoni ovyo, na mazungumzo yenu hupitia kwa mtu wa tatu. Kanisa limeilegeza desturi hiyo kwa wengi, lakini yeye ni wa kizazi kilichoishika, na mimi katika maisha yangu yote ya ndoa sikuwahi kuwa naye chini ya paa dogo kama lile. Na gari la mbio lilitengenezwa na watu wasio na habari ya nthoni.

Mke wangu alipanga yote. Mama alikaa nyuma yangu hasa, nisimwone. Blanketi lilikunjwa chini ya nyonga. Yeye mwenyewe akakaa kando yake, kisha akanyoosha mkono akakigeuza kioo cha katikati kikaangalia dari.

"Utaona nyuma na vile vioo vya nje."

Majirani wa Ikutha walikuja kuaga, wakahakikisha kwa macho yao kwamba ni mkwe mwenyewe aliyeshika usukani. Mama akaomba. Aliomba kwa Kikamba, taratibu, akiitaja nyonga na mbuzi waliobaki na jirani, na mwishoni "huyu mtoto wa watu anayeendesha." Nilisema amina kwa sauti ya chini, nikiangalia mbele.

Tukaondoka. Kila tuta la barabara niliona mabega yangu yakijikaza, nikisubiri sauti kutoka nyuma. Haikuja. Gari lilipanda na kushuka kama linapumua. Tulipokaribia Wote, punda aliyebeba mitungi ya maji alitoka kichakani, akaingia katikati ya barabara, akasimama pale kama amefika kwake.

Nilikanyaga. Gari lilishuka mwendo moja kwa moja, halikuyumba, usukani haukutetemeka, likasimama na nafasi ikabaki. Nilishika usukani nikangoja hukumu. Punda alituangalia, sisi tukamwangalia.

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, ikimwambia binti yake, "Muulize kama amemaliza kumsalimia, ndiyo twende."

Kumbe alikuwa ameambiwa kila kitu. Mke wangu alicheka mpaka akalala juu ya goti la mama yake, nami nikacheka nikiangalia mbele, kwa heshima.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipopita soko la Tawa na kuufikia mteremko wetu. Nilipunguza gia. Nikagusa breki, nikaachilia, nikagusa. Pedo ilikuwa pale pale juu, ngumu, inajibu. Tulipita tuta la maharagwe.

"Mzee," mke wangu akanong'ona.

"Naam."

"Mama amelala. Usipige honi."

Niliteremka mpaka uani bila sauti, kadiri ekzosi ile inavyoruhusu. Mama aliamka gari liliposimama. Mke wangu alimshika mkono akamtoa nje, na mimi nikasimama mbali, upande wa ghala, ninakotakiwa kusimama. Alijinyoosha. Aliweka kiganja kwenye nyonga akakaa hivyo. Akatembea na fimbo yake hadi kwenye kiti kilichowekwa barazani, akaketi, akaletewa uji, akanywa wote, akaangalia shamba, akaangalia kuku, akaangalia paa la jikoni letu.

Nilijifanya kukagua magurudumu. Mke wangu alijifanya kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa. Mwisho mama akamwita.

"Mwambie huyo mwenye gari," akasema, na alisema kwa sauti ya kutosha ili nisihitaji kuambiwa, "arudi Ikutha aniletee kinu changu. Cha kutwangia mahindi ya muthokoi. Hiki chenu nimekiona pale, si kinu hiki."

Mwanamke haagizi kinu mahali anapokuja kuona tu. Mke wangu alisimama na ufagio mkononi, akageuka akaniangalia. Nilimshukuru Mungu kimyakimya, nikaona niseme jambo la kawaida kabla hatujalia wote wawili.

"Hicho kinu ni kikubwa," nikamwambia. "Labda nikifunge kwa mkanda kiti cha mbele."

"Kinu kitakaa nyuma," akasema. "Mbele nitakaa mimi."